Mchezo Wangu, Ufunguo Wao

Bariadi, Jumapili jioni. Mvua imekatika sasa hivi na vyura wa bondeni wameanza kelele zao. Mama amejipumzisha chumbani, jicho moja limefungwa bandeji. Mimi niko kibarazani. Sijui nicheke au nilie, basi naandika.

Kaka yangu Mabula alifika Ijumaa kutoka Mkula, akimleta Mama kliniki ya macho. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akanisalimu "Mwangaluka" kwa Kisukuma kama mgeni, wakati hapa ni kwa mdogo wake. Nilipojua atalala kwangu siku mbili, nilifurahi kwa sababu mbili. Ya pili nilimficha.

Nilikuwa nimeupata mji wetu.

Nikiwa darasa la sita na yeye kidato cha kwanza, tulikaa hapa Bariadi kwa mjomba, ambaye alikuwa na stationari. Jumapili baada ya ibada duka lilifungwa, naye alituachia kompyuta moja ya zamani yenye mchezo wa kujenga mji. Unapewa ardhi tupu na mto. Unachora barabara, unavuta umeme, unaweka shule na soko, na watu wadogo wanahamia. Ukipanga vibaya, wanafungasha na kuondoka. Mabula alichora, mimi nilitoa majina. Mji tuliuita Minzabula, yaani Minza na Mabula. Soko tuliliita Mwamanyili na bandari ndogo tukaiita Nassa, kwa sababu hiyo ndiyo miji mikubwa niliyoijua kabla ya kuja Bariadi.

Bado naisikia harufu ya wino wa fotokopi na ile feni iliyokuwa inakwaruza. Mabula hakugusa kompyuta kabla ya kuchora mtaa mzima kwa penseli, nyuma ya karatasi zilizoharibika. Alisema akikua atakuwa mpangaji wa miji. Hakuna aliyemcheka, maana sisi wengine hatukujua kama kuna kazi ya namna hiyo.

Alipoingia kidato cha pili, Baba akaugua. Mabula akarudi Mkula kushika ng'ombe na shamba la pamba. Aliaga kwamba anakwenda mwezi mmoja.

Hakurudi shule.

Mimi niliendelea kusoma. Leo ni mwalimu wa jiografia, nafundisha watoto kusoma ramani. Sentensi hiyo imenichukua muda kuiandika.

Kompyuta ya mjomba ilipokwenda kuuzwa chuma chakavu, niliwahi kunakili faili la mji kwenye flashi, na flashi hiyo imehama nami nyumba hadi nyumba. Mwaka jana nikauona mchezo uleule unauzwa mtandaoni, umekarabatiwa ufae kompyuta za sasa. Nikaununua. Nikaweka faili letu, nikafumba macho, nikafumbua. Minzabula ikawa mbele yangu, na taa zake zote zinawaka. Sikumwambia Mabula. Nilitaka aone mwenyewe.

Basi jana, tulipomaliza chakula cha mchana, nikamkalisha mezani. Mume wangu Shija, ambaye ni fundi wa kompyuta, naye akavuta kiti. Nikabonyeza.

Badala ya mji likaja dirisha la kijivu: nimekaa muda mrefu bila kuingia mtandaoni, niunganishe intaneti ili leseni yangu ithibitishwe. Mvua ilikuwa inanyesha na mtandao unayumba. Nikawasha bando la simu. Baada ya kuzunguka sana, likathibitisha. Nilikuwa ndiyo kwanza nashusha pumzi, mchezo ukaanza kupakua sasisho bila kuniuliza. Tulikaa tukitazama mstari wa kijani unatambaa mpaka alasiri. Ulipofika mwisho, mchezo ukafunguka na rangi mpya na muziki nisioujua. Nilipochagua mji wetu, ukaniambia faili hili ni la toleo la zamani na haliwezi kufunguliwa.

Nikaanza kuwalaumu wenye mchezo kwa sauti kubwa.

"Kwani si umeununua?" Mabula akauliza.

"Nimeununua."

"Na umo ndani ya kompyuta yako."

"Umo."

"Sasa aliyeugusa ni nani?"

Shija akakohoa kidogo. "Shemeji, hizi apdeti zina kazi yake. Zinaziba matundu ya virusi na wezi. Kompyuta ngapi naletewa zimekufa kwa sababu mwenyewe alizikataa?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wenye mchezo usiwalaumu sana. Ile CD ya mjomba ilitoka wapi?"

CD ile ilikuwa ya kuchoma. Mjomba aliinunua mnadani, jina limeandikwa juu yake kwa kalamu ya wino. Waliotengeneza mchezo hawakupata kitu kutoka kwetu, na sisi tuliucheza miaka miwili. Najua kufuli hizi zimewekwa kwa ajili ya watu kama mjomba. Lakini mbona zile siku za CD ya wizi sikuwahi kufungiwa mlango hata mara moja, na leo nimenunua kihalali nafungiwa mbele ya kaka yangu?

Shija akaendelea. "Hata mbegu ya pamba si mlibadilishiwa? Ile ya zamani ilikuwa inashika mnyauko. Kila mtu angeachwa apande anayotaka, ugonjwa ungewamaliza wote."

Mabula alifikiri, kama anavyofikiri kila kitu, taratibu. "Kweli. Lakini waliniita mkutanoni, wakanieleza, nikauliza maswali. Na pamba niliyokuwa nimeshaivuna kwa mbegu ya zamani, hakuna aliyeingia ghalani kwangu kuiondoa."

Shija akacheka. "Hapo umenishika, shemeji."

Kuna jambo sikulisema pale mezani. Kile kisanduku cha kuruhusu mchezo ujisasishe, nilikitia tiki mimi. Siku ya kuuweka nilikuwa na haraka, nikakubali kila nilichoulizwa bila kusoma. Jana niliwasema watu wa mbali kwa sauti kubwa ili nisijisikie mwenyewe.

"Achana nao, Minza," Mabula akasema. "Nilishausahau huo mji." Akainuka kwenda kumtilia Mama dawa ya macho.

Hakuwa ameusahau. Muda wote tulipokuwa tunabishana, kidole chake kilikuwa kinachora juu ya meza. Barabara, kona, barabara.

Leo tulipotoka kanisani Shija aliichukua kompyuta akaenda nayo ofisini kwake, kwenye intaneti ya waya. Sikumwomba. Ilipita saa saba ndipo akapiga simu. Wenye mchezo wameacha sehemu ya kuchagua toleo la zamani, ila wameificha ndani kabisa ya mipangilio. Ameshalipakua. Mji umefunguka.

Mabula alikuwa ameshaaga, Mama anabaki kwangu mpaka jicho lipone. Basi lake la Lamadi, njia ya kwenda Mkula, lilikuwa la saa nane.

Shija akanipitia na pikipiki. Nilipanda nyuma, kompyuta nimeikumbatia ndani ya kanga na mfuko wa nailoni, mvua inatupiga usoni. Tulimkuta Mabula kwa mama ntilie wa stendi, anamalizia ugali. Nikasogeza sahani, nikaifungua kompyuta mbele yake bila hata salamu.

Alisogeza uso karibu na kioo. Soko lile, bandari ile, shule tuliyoipaka bluu kwa sababu nililia mpaka ikapakwa bluu.

"Hospitali," akasema mwishowe. "Haina barabara."

Kweli. Hospitali tuliiweka ng'ambo ya mto Jumapili ya mwisho, jua likatuchwea kabla ya kujenga daraja. Tuliahidiana wiki inayofuata.

"Wiki iliyofuata ulikuwa Mkula," nikamwambia.

"Na wewe je? Mwaka mzima unao, hukuijengea?"

"Mchoraji ni wewe."

Akafuta mkono kwenye suruali. Kidole chake kimekuwa kigumu kwa jembe, mara ya kwanza kioo hiki cha kugusa hakikumsikia, mara ya pili kikamsikia. Konda alikuwa anaita, "Lamadi, Lamadi, tunaondoka!" Mabula hakuinua kichwa. Hakuipitisha barabara moja kwa moja, aliipindisha ili isivunje nyumba za watu, kisha akaweka daraja. Gari la wagonjwa likatoka, dogo kama punje ya mtama, likavuka mto.

Kaka yangu alicheka. Kile kicheko cha kidato cha kwanza, kilichompotea sijui lini.

Mama ntilie alikuja kuchukua sahani, akainama kuangalia. "Huku ni wapi?"

"Kwetu," Mabula akamjibu, akakimbilia basi.

Nimerudi nyumbani, nimezima masasisho. Shija anasema ni hatari, nami nimemwahidi kompyuta hii haitachomekwa tena flashi za watu. Najua leseni itaniuliza tena siku moja na nitalazimika kujitambulisha. Siku wenye duka la mtandaoni wakifunga biashara, sina hakika nitabaki na nini. Nimeununua mchezo, ufunguo bado wanao wao. Naona afadhali niseme hivyo kuliko kujidanganya.

Likizo ikianza naipeleka kompyuta Mkula, na daftari la michoro juu yake.

Lakini ninalojiuliza jioni hii halina kompyuta ndani yake. Kutoka hapa mpaka Mkula ni safari ya asubuhi moja. Kwa nini miaka yote hii nilisubiri mpaka mji ufunguke, ndipo nikae meza moja na kaka yangu?