Mbwa Simtoi

Mume wangu,

Salamu sina, kwa hiyo naanza na mbwa. Mdogo wako amefika asubuhi na kamba mkononi, anasema umemtuma amchukue, eti mtoto wa Kisarawe analia akimtaka. Shemeji nimempa chai. Mbwa sikumpa.

Unakumbuka ulivyomleta? Mzungu wako wa mkonge alikuwa anahama, akaamuru vitoto vya mbwa wa mkewe vitoswe mtoni Ruvu. Wewe mpishi wake ukafungua gunia, ukachomoa kimoja, ukaja nacho ndani ya shati huku kinakukojolea. Kilikuwa cha ile mbegu ndogo ya Kizungu isiyokua, miguu mifupi, masikio makubwa kuliko kichwa. Siku ile ile kiliniibia kitambaa cha kichwa kikakimbia nacho uani, ukacheka mpaka ukakaa chini. Mimi niliyekuwa sitaki mbwa, nikawa namtafunia nyama.

Jina ulimpa wewe. Majirani walikuwa wametuchosha, na mama yako naye: mtoto lini, mtoto lini. Ukasema, "Tumwite Tunatosha. Wakiuliza, wewe mwite mbwa kwa nguvu." Basi nikawa nasimama uani naita, Tunatosha! Tunatosha! nawe ndani umejiziba mdomo kwa kicheko. Nilijiona mwanamke anayependwa kuliko wote Kibaha.

Kazi ya mzungu ilipokwisha, ukaanza kupeleka samaki wakavu Kisarawe kwa baiskeli, mbwa kwenye kapu mbele. "Nipate wa kuzungumza naye njiani," ukaniambia. Nami nilikuwa namchana manyoya kabla hamjaondoka, apendeze. Mjinga mimi.

Nilipokwenda Kisarawe kwenye msiba wa shangazi, nilipanda lori na mbwa. Tuliposhuka Kisarawe akanichomoka mikononi, akapita sokoni mbio, akaingia uani kwa watu nisiowajua, moja kwa moja kwenye bakuli lake. Lake, mume wangu. Alijua lilipo. Akatoka mwanamke ana mtoto mgongoni.

"Karibu, dada. Kumbe umetuletea mbwa wetu! Bahati, njoo."

Naye akaenda, anatikisa mkia.

"Baba yake huyu alisema amemwacha Kibaha kwa dada yake. Ndiye wewe?"

Nikasema ndiye mimi. Ningesema nini? Mtoto ana paji lako la uso. Nikanywa maji aliyonipa, nikamshukuru, nikambeba mbwa, na msibani nikalia kuliko watoto wa marehemu. Watu wakanisifu kwa kumpenda shangazi.

Tangu siku hiyo hujakanyaga hapa. Leo umetuma kamba.

Yule mwanamke sina ugomvi naye, amedanganywa kama mimi. Mtoto ndiyo kabisa, hana kosa. Lakini mbwa simtoi. Kila kitu kingine umeshakichukua. Na kinachonikata maini si kwamba umezaa. Uliniletea kiumbe cha kwenye gunia, nikakipokea. Mwanao ungemleta, ningemkataa? Miaka yote hiyo tumelala kitanda kimoja, hivyo ndivyo ulivyonijua?

Shemeji anangoja barua hii mlangoni, na kamba yake anarudi nayo. Ukiwa na la kusema, njoo ulisemee hapa mwenyewe, mchana, majirani wakiwepo.

Kaa salama ukiweza.

Mkeo wa ndoa ya kanisani