Mama wa Chuma Anayecheza Matoleo

Mama yangu mpendwa uliyelala Dzaleka,

Tumekutengeneza kwa chuma. Usicheke kwanza. Darasa letu la ufundi hapa kambini Dzaleka lilipewa kazi ya kujenga sanamu inayotumia nguvu ya jua, ipelekwe kwenye maonyesho Lilongwe, na mimi nikakutaja wewe kabla mwalimu hajamaliza kusema. Mbavu zako ni rimu mbovu za kabaza, zile baiskeli za abiria, tulizookota Lumbadzi. Kiunoni una mota ya waipa ya gari. Jua likipiga paneli ya sola iliyo mgongoni, unacheza.

Unacheza matoleo, mama, kikapu kichwani. Unakumbuka Jumapili zile? Kwaya inaanza, wenzako wanakwenda mbele kwa adabu, wewe unashuka na kiuno mpaka madhabahuni, na kikapuni mna konzi moja ya maharage. Mama mmoja alikuuliza unafurahia nini na umaskini huu. Ukamjibu, "Kwa Mungu nikuje nikilia? Mi nakuja na kucheza."

Siku ya kwanza mota ilikurusha kwa kasi ya ajabu. Jirani yako Mama Furaha alishika tumbo kwa kucheka: "Eh! Mama yako hakukuwaka anakimbiza pasta hivi!" Espérance, mwenzangu wa darasani kutoka Burundi, akabadilisha gia mpaka ukatulia, ukawa wewe kabisa. Nililia mbele ya watu wote.

Kisha Lilongwe. Bwana mmoja wa kamati alikuzunguka, akasema kikapu kitoke, uwekewe furushi, ili wageni wajue upesi kwamba wewe ni mkimbizi. Bila furushi huingii ukumbini. Wenzangu wakaniangalia. Tulikuwa tumehangaika muhula mzima.

Mama, hasira ilinipanda. Furushi ulilibeba kweli, kutoka Bukavu, nami nikiwa mgongoni. Ukafika Dzaleka ukalitua. Ukalima, ukashona, ukaimba, ukanisomesha. Nani amempa ruhusa ya kukutwika tena? Nilimwambia hapana. Akadhani sijaelewa, akarudia polepole kama anaongea na mtoto. Nikamjibu hapana, polepole vilevile.

"Basi tumutoe inje," Espérance alisema. "Kule njo kuko jua."

Tukakusimamisha nje ya geti, ukaanza kucheza. Wamama wa mtaa wa Mchesi waliokuwa wakipita na biashara zao wakatua beseni, wakapiga vigelegele, na wageni wakatoka ukumbini kuangalia kuna nini. Mlinzi akaja mbio, ametumwa. "Zimitsani!" akaamuru, akitaka tukuzime.

"Hana swichi," nilimwambia. "Kamwambie bosi wako azime jua."

Pumzika, mama. Sasa umesimama mbele ya kanisa letu Dzaleka, na nikiwa hai hakuna atakayekugusa kichwa.

Binti yako,
kitindamimba