Kusimama Tuli

Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini u mzima, na kwamba zamu za wodini hazijakumaliza nguvu. Sisi tunaendelea, Bibi anakusalimu na anauliza kama huko nanyi mnapata muda wa kula au mnalisha wagonjwa tu. Mimi pia ni mzima, ila nimeinuka kwenye kiti mara kadhaa kabla ya kufika sentensi hii.

Niliwahi kukueleza kuhusu kazi yangu ya fizikia. Mwalimu alitufundisha kwamba chembe ndogo kabisa, ukijua vizuri iko wapi, huwezi kujua vizuri mwendo wake. Ukibana huku, inachomoka kule. Niliona haya kuuliza darasani, nikamfuata nje: je, itakuwaje hesabu kama hiyo tukiwapigia watu waliosimama tuli? Alicheka, akanionya kuwa binadamu si chembe na hesabu tungeiazima tu, kisha akaniruhusu.

Basi nikawa nawafunga watu simu kifuani kwa mkanda wa kazi wa Baba, ule anaojifungia akiwa juu ya mapaa. Mtu anafumba macho, simu inarekodi anavyoyumba. Nachukua kiasi cha kubadilika kwa mahali pake, nazidisha kwa kiasi cha kubadilika kwa kasi yake. Hakuna aliyepata sifuri, hata Mama aliyeapa kuwa alisimama kama nguzo. Bibi aliuliza kama akianguka atapewa cheti.

Baba alipata karibu mara tatu ya Bibi.

Alisema simu yangu imelewa. Nami nikadhani labda ni kwa sababu tunamtazama, maana hata kupima kwenyewe humbadilisha anayepimwa. Nikawatoa wote chumbani, nikageukia ukuta. Ikawa vilevile. Nikamwomba atazame dari kama anavyotazama paa, mara nikasikia mlango ukijibamiza. Nilipogeuka, alikuwa ameung'ang'ania kwa mikono miwili.

Alinikalisha, akaniita Profesa kama mnavyonitania, ila safari hii hakucheka. Akasema kizunguzungu hicho ni uchovu tu, si cha leo wala jana. Nimwondoe kwenye hesabu, na Mama asijue, kwa kuwa Jumatatu anaanza paa la jengo la ghorofa nne. Nikakubali. Tangu hapo nazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mara naona ni kosa la simu, mara namwona yuko juu, anatazama mbingu.

Nimemwondoa kwenye ripoti, Dada, kama nilivyoahidi. Lakini huo mkanda uliofungiwa pamoja na barua hii ndio wake. Nimeuchukua bila kumwomba. Unamjua: alimfukuza mjomba kazini kwa kupanda bila kujifunga, na mkanda wa kuazima hataki hata kuugusa. Ninapoandika, boksi lenye mkanda liko chini ya kitanda changu, naye namsikia akipekua vifaa vyake, akimuuliza Mama kama nyumba hii imeingiwa na panya wanaokula mikanda.

Kesho nikishalituma boksi, nitamwambia mkanda ulipo. Atakuja kwako, tena kwa hasira. Usimkabidhi mlangoni, kwanza apite kwa daktari wenu. Akirudi anigombeze atakavyo. Nitajitahidi kusimama tuli, ingawa nimeshapima, hakuna awezaye.

Wasalimie wenzako wa zamu.

Mdogo wako akupendaye,
Profesa