Nilisema Panya, Baba

Mchafukoge, Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna sauti haijanitoka masikioni tangu Jumanne, ya spika iliyotundikwa kwenye mwavuli wa mchuuzi pale Kariakoo. "Manjano yanalinda kumbukumbu." Kimya kidogo, kisha tena, na tena. Nilisimama na mfuko wangu wa nyanya. Baba, sauti ile ilikuwa yangu.

Kabla sijaendelea, goti lako limepata nafuu? Mama anapumzika mchana kama alivyoambiwa? Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka.

Unakumbuka uliniuliza kazi yangu ya maabara ni nini hasa, nikawatumia sauti kwenye kundi la familia. Nilieleza kwamba ndani ya manjano, kama haya unayolima hapo Muheza, kuna kitu tunakichuja na kuwapa panya wenye mchochota, ule uvimbe wa ndani unaoharibu ubongo. Panya hao hawasahau njia upesi kama wenzao. Nikasema kwa furaha, "Manjano yanalinda kumbukumbu." Halafu nikamalizia: "Lakini hawa ni panya, Baba. Kwa binadamu bado hatujui. Mtu asiache dawa za hospitali."

Huo mwisho umekatwa. Nilimuuliza mchuuzi, aliyepanga makopo ya unga wa manjano mbele yake, sauti kaitoa wapi.

"Ya dokta hiyo, dada'angu! Chukua kopo, nikupe bei ya asubuhi."

"Huyo dokta ni mimi. Na wala si dokta."

Akacheka. "Kumbe! Basi mwambie Shabani akukatie chako."

Shabani. Kaka yangu mwenyewe, uliyemkabidhi magunia yako ayalete mjini.

Pembeni yangu mama mmoja wa makamo alikuwa akinunua kopo la tatu. Mumewe alipata kiharusi, sasa anasahau majina ya wanawe. "Vidonge vya presha tumeviweka kando kwanza, mwanangu, visije vikagombana na hii." Nilimshika mkono, nikamsihi amrudishie mumewe vidonge siku ileile na ampeleke kliniki. Akanitazama, akaitazama spika.

"Sasa nimwamini nani? Wewe, au wewe?"

Akaondoka na kopo lake.

Nilimpigia Shabani. "Acha makuu, mdogo wangu," akasema. "Mimi nimeongeza neno gani?" Kweli hakuongeza. Alipunguza, na alijua anachopunguza, maana sauti nzima aliisikia kwenye kundi kabla yako. Hata aibu hakuona.

Najua utasema tuyamalize nyumbani. Lakini yule mzee anayesahau wanawe hayumo nyumbani kwetu, Baba. Nani atayamaliza kwa niaba yake?

Ndiyo maana safari hii sijarekodi. Nimeandika. Msomee Mama yote, usiache mstari.

Nisalimie shangazi anayetuchambulia mizizi, na wifi yangu, mke wa Shabani, ambaye hana kosa lolote. Watoto wake nawabusu.

Jana asubuhi nilikwenda kwenye ofisi inayokagua dawa. Nimewaachia kopo moja na sauti yangu nzima. Waliponipa fomu inayouliza unga unaletwa na nani na maneno ni ya nani, niliandika jina la Shabani kwa mkono wangu, na chini yake nikaandika langu.

Binti yako,
Zuhura