Mishale Miwili Chini ya Picha ya Mwende

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo cha Polisi, Likoni
Tarehe: Jumanne, 20 Mei 2025
Jina la shahidi: Asmaa Athman Mbwana
Umri: Miaka 31
Kazi: Mpambaji wa maharusi, hina na piko
Makazi: Mtongwe, Likoni, ghorofa ya kwanza, nyumba iliyo nyuma ya kisima cha zamani

Mimi ndimi niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitajibu mbele ya sheria, nami nimeelewa.

Namfahamu Mwende Kasyoka tangu alipohamia Likoni kutoka Kitui, yapata miaka minne sasa. Anauza katika duka la dawa karibu na barabara ya kivukoni. Yeye ni Mkristo na mimi ni Muislamu, lakini sikukuu zote mbili tunakula pamoja. Ni shoga yangu.

Afande ameniomba nianze na mtandao ambako mambo haya yalianzia, kwa sababu hajawahi kuutumia. Unaitwa Dirisha. Ni mahali ambapo watu wa Pwani huweka picha: chakula, bahari, magari, arusi. Mimi huweka picha za hina yangu humo na wateja wengi nimewapata huko. Anayeweka picha halazimiki kutumia jina lake. Chini ya kila picha pana mishale miwili. Ukibonyeza wa juu umeipandisha picha, ukibonyeza wa chini umeishusha. Picha ikipandishwa na wengi huenda ukurasa wa mbele, tunaouita Barazani, ambako kila anayefungua Dirisha huiona. Ikishushwa na wengi huzama, hata mwenyewe akiitafuta huipata kwa taabu.

Afande aliniuliza, "Kwa hivyo mtu akibonyeza chini, amepinga?"

Nilimjibu kwamba ndivyo anavyodhani mwenyewe. Nitaeleza mbele kwa nini haikuwa hivyo.

Mnamo Jumatatu tarehe 5 Mei, mtu aliyejiita Nasogea aliweka picha iliyopigwa kutoka nyuma, ya mwanamke mwenye mkoba mweusi akiteremka kuelekea kivukoni asubuhi pamoja na umati. Uso haukuonekana. Chini yake aliandika: "Mkinipandisha hadi elfu moja, nitasogea." Niliiona nikaipita. Watu ni wengi kivukoni, na wanawake wenye mkoba mweusi hawahesabiki. Jioni niliikuta Barazani.

Ijumaa tarehe 9 aliweka ya pili. Huyo mwanamke alikuwa kwenye meza ya mboga, amenyoosha mkono achukue fungu la dania. Nilikuwa nakunywa chai. Niliutambua mkono kabla ya kumtambua mtu. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimempaka Mwende piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono, kwa ajili ya arusi ya mwenzake kazini. Kwenye kidole cha kati piko lilinimwagikia, nikaligeuza kuwa kipepeo ili lisionekane kosa. Sijawahi kumchora mtu mwingine yeyote kipepeo pale. Katika picha kile kipepeo kilionekana wazi.

Picha hiyo iliandikwa: "Ahsanteni. Elfu mbili, nitasogea tena."

Niliyasoma maoni ya watu. Wengine waliandika "Sogea." Wengine waliandika "Uso! Uso!" Mmoja aliandika, "Huyu ni mkewe bwana, wanaigiza," na maneno yale yalipandishwa kuliko mengine yote. Nadhani watu wengi walijituliza kwa maneno hayo.

Nilikwenda dukani kwa Mwende papo hapo. Alicheka kwanza. Kisha akaishika simu kwa mikono miwili akaacha kucheka.

"Asmaa, hii ni mimi."

"Ni wewe."

"Na hawa wote wanajua kwamba mimi sijui?"

Nilimsogezea maoni asome mwenyewe.

Wakati huo aliingia Najib Omari. Najib anatengeneza simu katika kibanda kilichopakana na duka la dawa. Ni kijana wa mtaani kwetu. Mamake, Bi Dhahabu, anakaa chini ya nyumba yangu, na mimi nimemjua Najib tangu akienda madrasa. Mwende alimwonyesha picha. Najib alikasirika, au alionekana amekasirika. Alisema, "Wallahi, huyu mtu hana adabu." Akatoa simu yake, akafungua Dirisha, akabonyeza mshale wa chini mbele yetu, akatuonyesha ukiwa umegeuka rangi. Akasema tuwaambie watu wote wamshushe.

Ndivyo tulivyofanya. Nina kundi la wanawake wa hina, kutoka Likoni hadi Kisauni. Niliwaandikia nikawasihi. Walibonyeza chini wao, na dada zao, na majirani zao. Nilidhani hadi kufikia Isha picha itakuwa imezama.

Haikuzama. Dirisha lina ukurasa mwingine unaoitwa Mzozo. Picha ikipata kura nyingi za juu na nyingi za chini kwa pamoja, mtambo huihesabu kuwa ni jambo linalogombaniwa na watu, huiweka huko, na watu huenda huko kwa wingi kuliko Barazani. Ni kama watu wakisutana njiani, kila mpita njia husimama kutazama. Sisi tuliotaka kumficha Mwende tulimpeleka huko kwa mikono yetu. Kesho yake Nasogea aliandika: "Nawashukuru hata mnaonishusha. Mmenifikisha mbali."

Nilipotazama orodha ya majina ya waliompandisha, nilikuta jina la mume wangu, Rashad, kwenye ile picha ya kwanza. Nilimuuliza kwa nini. Aliniambia, "Picha ilikuwa nzuri, Asmaa. Jua lilikuwa limekaa vizuri. Sikujua kama ni Mwende." Namwamini. Aliiondoa kura yake siku ile ile, na hakuweza kula.

Pia tuliwalalamikia wasimamizi wa Dirisha. Malalamiko hayapiti kwenye mishale, yana mahali pake. Walitujibu kwamba picha haionyeshi uso, haina matusi wala utupu, kwa hivyo haijavunja kanuni.

Jumatano tarehe 14 iliwekwa ya tatu. Haikuwa na mtu. Ilikuwa mlango wa chumba cha Mwende na ndara zake mbili nje, moja imelala ubavu. Imeandikwa: "Elfu tatu, nitabisha."

Tulikuja hapa kituoni mimi na Mwende. Afande aliyekuwa mezani alimuuliza kama ameguswa, au kama ametishwa kwa jina lake. Mwende alisema hapana. Tulipewa nambari ya OB, ya kitabu cha matukio, tukaambiwa tukipata jina la mtu turudi nalo. Afande anayeandika maelezo haya hakuwa zamu siku hiyo.

Tulipotoka Mwende aliniambia, "Nikirudi pale sitaingia ndani." Nilimchukua kwangu na mfuko mmoja wa nguo. Tulikubaliana asiende kazini kwa muda, na asimwambie mtu yuko wapi. Mtaani kwetu walijua watu watatu tu: mume wangu, Bi Dhahabu na Najib. Najib alijua kwa sababu ndiye aliyetubebea mfuko.

Jumamosi tarehe 17 Najib alipanda kwangu na tikitimaji. Alikaa kwenye kiti kilicho kando ya jokofu. Mwende alikuwa kwenye mkeka, amempa mgongo, akichagua mchele. Najib alikuwa na simu mkononi, lakini yeye ni fundi wa simu, simu haimtoki mkononi. Alituuliza kama tumepata habari yoyote ya yule mtu. Mwende alimwambia, "Bado, lakini hapa angalau nalala." Najib akasema, "Alhamdulillahi."

Jumapili tarehe 18 nilikuwa na kazi ya bibi arusi huko Shanzu. Mume wangu alikuwa zamu Changamwe. Mwende alibaki peke yake na nilimwambia asifungue mlango kwa mtu asiyemjua.

Alasiri, nikisubiri hina ya bibi arusi ikauke, nilifungua Dirisha. Picha ya nne ilikuwa juu kabisa Barazani. Ilikuwa shingo ya Mwende, leso yangu ya zambarau mabegani mwake, na ungo wa mchele mapajani. Imepigwa kutokea kwenye kiti cha kando ya jokofu. Chini yake: "Elfu tatu tumepita, elfu tano tumefika. Leo uso, inshallah."

Bibi arusi aliniuliza kama naumwa. Sikumbuki nilimjibu nini.

Nilimpigia Mwende, simu ikaita hadi ikakatika. Nilipiga tena, haikupokewa. Kutoka Shanzu hadi kwangu ni mbali, na kati yake kuna kivuko. Aliyekuwa karibu na mlango wangu alikuwa mtu mmoja tu. Nilimpigia Bi Dhahabu.

Aliitika, "Abee, mwanangu."

Nilisema, "Mama, panda kwangu sasa hivi. Usiniulize kitu. Panda."

Sikumwambia ni nani atakayemkuta. Nilimtuma mama kwa mwanawe na nilijua.

Yanayofuata sikuyaona kwa macho yangu. Nimeyasikia kwa Bi Dhahabu mwenyewe, jana alasiri, mbele ya mume wangu. Alipanda ngazi akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Alimsikia Mwende akisema, "Niache, nimekwambia sitaki." Kisha akasikia sauti ya kiume ikisema, "Picha moja tu, geuka." Aliitambua. Alipiga mlango kwa viganja akaita, "Najib! Najib!" Ndani pakanyamaza. Halafu akasikia vyombo vikianguka na mlango wa roshani ukigonga ukuta. Najib alipomfungulia, chumba kilikuwa hakina mtu mwingine. Mwende alikuwa ameruka.

Bi Dhahabu alimshika mwanawe shati kwa mikono miwili na hakumwachia mpaka wanaume wa mtaani walipopanda. Najib ni mkubwa wa mwili, angeweza kujinasua. Bi Dhahabu asema hakujaribu. Alimwambia mamake, "Mimi nilikuwa nauliza tu. Wao ndio waliokuwa wakijibu."

Mimi wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza natoka Shanzu. Nilipofika kivukoni, feri ilikuwa imejaa na watu wote waliosimama karibu nami walikuwa wameinamia simu zao. Sitaki kusema walikuwa wakitazama nini, kwa sababu sikuona. Lakini nilimtazama kila mmoja wao.

Nilipofika nyumbani uani palikuwa pamejaa. Mwende alikuwa amelala juu ya saruji, mguu umekaa vibaya, mdomo una damu, macho yamefunguka. Alikuwa ananiona. Wanawake wawili walikuwa wamepiga magoti kando yake. Waliobaki walisimama, na wengi wao walikuwa wameinua simu. Nilivua leso yangu nikamfunika uso. Nilipiga kelele waweke simu chini. Baadhi yao waliweka. Gari la wagonjwa lililokuwa limeitwa mapema ndipo likafika, nikapanda naye hadi hospitali.

Huko hospitalini, mmoja wa wale wanawake wa hina alinitumia ujumbe. Aliandika, "Asmaa, tumwombe nani aitoe?" akaniwekea picha. Ilikuwa uso wa Mwende pale chini, kabla sijamfunika. Aliyeiweka hakuwa Nasogea. Wakati ule Najib alikuwa ameshatiwa pingu na simu yake iko mikononi mwa polisi. Ni mtu mwingine, jina jipya, akaunti iliyofunguliwa siku hiyo hiyo. Aliandika: "Nasogea alishindwa. Uso huu hapa."

Wanawake wa kundi waliniuliza wabonyeze chini au vipi. Niliwaambia wasibonyeze kitu. Wasiguse mshale wowote, si wa juu si wa chini, walalamike kwa wasimamizi kisha wafunge simu. Wengine walinielewa. Wengine walikuwa wameshabonyeza kwa huruma. Wasimamizi wamejibu kwamba jambo hili linachunguzwa. Hadi naingia kituoni leo picha ilikuwa Barazani bado, na chini yake kuna wanaouliza kama kuna video.

Jana asubuhi Bi Dhahabu alikuja hospitalini na chupa ya uji. Alisimama mlangoni mwa wodi, hakuingia. Nilimpokea chupa. Nilimwambia "Shikamoo" na yeye hakuweza kuitikia.

Mwende amevunjika nyonga na taya. Hawezi kuzungumza, na daktari amesema itachukua muda kabla hajaweza kutoa maelezo yake mwenyewe. Hajui kuhusu picha ya tano. Jana jioni alininyooshea mkono akauelekeza kwenye mkoba wangu, kisha akaweka kiganja sikioni, akiomba simu. Nilijifanya sikuelewa. Alirudia ishara ile mara kadhaa, mpaka muuguzi akaja kumgeuza. Leo atairudia tena, na nikitoka hapa ndiko ninakokwenda.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyasikia. Nimesomewa yote kwa sauti, sikuongezewa wala kupunguziwa neno.

Sahihi ya shahidi: A. A. Mbwana

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyosemwa na shahidi, kwa Kiswahili. Shahidi aliomba maji mara moja. Alikuwa na akili timamu. Nimepokea simu yake kuwa kielelezo. Mtuhumiwa Najib Omari yuko rumande. Aliyepiga na kuweka picha ya tano hajajulikana. Watu waliokuwa uani siku hiyo wataitwa wote.

Nilipoipokea simu, picha hiyo ilikuwa na kura za juu elfu kumi na moja na ushei. Nimeandika hesabu hiyo hapa mara mbili na kuifuta, kwa kuwa kila nikimaliza kuiandika huwa imeshapita. Nimeizima simu na kuifunga ndani ya bahasha.

Sajenti Bonface Lidonde