Shusha Kibao Chenye Jina Langu

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kaka yangu Hamisi,

Shikamoo. Mama tulimpoteza masika iliyopita, wiki ile boti zilipokuwa zikishusha wakimbizi usiku na mchana na kipindupindu kikaingia kila mtaa, kwao na kwetu. Naanza na hilo kwa sababu barua yako imeanza na chumba ulichopanga Mwanga, hapo Kigoma, na kurasa zote mbili mama hukumtaja hata mara moja.

Mimi mzima, nakula, nasoma. Nyinyi je? Goti la shangazi Mwajuma limepoa? Maji ya kunywa mnayachemsha kweli, au bado mnayachemsha halafu mnayapooza kwa kata ya maji mabichi ya ziwani, kama mlivyofanya matangani watu walipoona kiu?

Habari za chumba zilinifikia kabla ya barua yako. Nilikutana na Bwana Yusufu wa Mwandiga, yule anayeleta mawese huku kwa treni. Akanipokea kwa mikono miwili, kwa salamu ya kwetu: "Mwakeye, daktari! Hongera kwa hospitali."

"Hospitali gani?"

"Si ile ya Mwanga, jirani na mafundi cherehani? Kibao kina jina lako kubwa hivi. Kaka yako anatoa dawa, anasema wewe ndiye unayemwelekeza. Hee, hata wakimbizi wanapanga foleni, wanauliza muganga, ndivyo wanavyomwita daktari, atakuja lini."

Siku ya pili barua yako ikafika, nawe ukaandika bila haya: "Shahada ni shahada, mdogo wangu. Nani atauliza ya nini?"

Nitauliza mimi. Kaka, umefanya biashara tangu ujana, hesabu unazijua. Wanaosomea udaktari wanakaa miaka mitano, kisha wanafanya kazi hospitali chini ya wakubwa wao kabla hawajaachiwa mgonjwa. Mimi nasoma biolojia, miaka mitatu, na katika miaka hiyo sijagusa mgonjwa hata mmoja. Nimepasua vyura, nimekata majani membamba kuliko karatasi ya sigara, nimehesabu vijidudu kwenye vioo vya hadubini mpaka macho yakauma. Nilikwambia hayo mwaka wa kwanza, nikakwambia tena likizo, umekaa pale barazani unakunywa kahawa. Ukacheka: "Waache waseme daktari, inatupunguzia nini?"

Imetupunguzia mama.

Nilipofika nikakuta kaburi tayari limekauka juu, shangazi alinisimulia yote. Mtaa mzima walikuwa wameacha kumwita Mama Mwamvita, wanamwita Mama Daktari, naye akalipenda jina hilo kuliko kanga mpya. Alipoanza kuharisha alfajiri, Bi Tausi jirani alimshika mkono ampeleke kwenye mahema ya matibabu pale uwanja wa shule. Mama akagoma. "Mahema yale ni ya wakimbizi. Mimi nimezaa daktari, nitalazwa kwenye turubai? Mpigieni simu Mwamvita, aje yeye." Bi Tausi akakugeukia wewe, mwanamume wa nyumba. Ukasema, "Tumsikilize mwenyewe, daktari atatuambia." Ukaenda posta kunitumia simu ya maandishi. Nami niko mwisho wa pili wa reli!

Kipindupindu hukausha maji ya mwili. Dawa yake ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari, na dripu kwa aliyezidiwa. Vyote vilikuwa ndani ya yale mahema, na kwenda kwake ni karibu kuliko sokoni. Jioni hakuwa na sauti tena. Mwanamke wa Kirundi aliyelazwa asubuhi hiyohiyo, Bi Tausi alimwona siku ya tatu anafua nguo za mtoto wake.

Sikulisema hili matangani kwa heshima yako. Sasa umepiga msumari jina lilelile ukutani, uwauzie watu wengine ugonjwa wa mama. Yusufu aliona mama mmoja wa Katubuka ameleta mtoto anaharisha, ukampa vidonge vya rangi mbili na kumrudisha nyumbani. Nilipomuuliza mtoto aliendeleaje akasema hajui. Wewe unajua? Ulifuatilia?

Unauliza shahada hii itanifikisha wapi kama si kwenye chumba chako. Wenzangu wengi watafundisha sekondari, wachache wataingia maabara, mmoja amechukuliwa kwenye utafiti wa samaki. Mimi nilibeba chupa ya maji ya ufukweni kwetu niipime huku. Mwalimu wangu akaimwaga mbele yangu: "Maji yaliyosafiri siku mbili yamekwisha kuwa maji mengine. Maji hupimwa yanakochotwa." Nilikasirika, lakini alisema kweli. Ndiye aliyeniombea nafasi huko Kigoma, kupima visima vya mji na vya kambi. Nikimaliza mitihani nitaianza. Mkataba ni mfupi, nyumba hawatoi, na hakuna atakayeniita daktari. Nimejisomesha kwa kuuza dagaa nilizobeba kwenye mizigo yangu, hivyo kuanza chini hakunitishi.

Nisalimie shangazi Mwajuma, mwambie goti alikande, asilichanje. Nisalimie wifi yangu, mkeo, na watoto. Bi Tausi mshike mkono kwa niaba yangu, kwa sababu yeye peke yake siku ile alitaka kufanya la maana.

Bwana Yusufu amerudi huko, na anapanda tena treni ya kuja huku Alhamisi ya wiki ijayo. Kabla hajapanda, mpe neno moja anibebee: kibao kimeshuka, au hakijashuka. Sitaki maelezo ya kodi wala ya hasara. Akifika bila jibu nitajua ni hakijashuka, na siku hiyohiyo nitamwandikia mganga mkuu wa mkoa. Jina lako nitaliandika kubwa, kama ulivyoliandika langu.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Mwamvita