Mama, Kwa Nini Uliacha Kula Kwangu?

Mama,

Themosi yako iko kwangu. Baada ya mazishi wifi zangu waligawana leso na sufuria zako, wakaniuliza mimi nataka nini, nikasema ile themosi nyekundu. Walitazamana. Kifuniko kimepasuka na haishiki joto hata nusu siku. Lakini nilikuwa na sababu yangu, na ndiyo inayonifanya nikuandikie leo hapa saiba ninakochapishia watu karatasi, wateja wakiwa wameenda chakula cha mchana na printa imenyamaza.

Nataka kukuuliza kitu. Kwa nini uliacha kula kwangu?

Zamani ulikuwa ukitoka kwako Kiritiri siku ya kliniki, ukifika hapa kwetu mtaa wa Dallas, Embu, unakula chako na cha watoto, halafu unaniambia kunde zangu hazina chumvi. Kisha nikaanza kukusomea riwaya yangu. Kuanzia hapo ukawa unakuja na uji wako wa mtama kwa themosi. Nikikuwekea sahani, unaisukuma pole pole upande wa mwanao Njeru. "Mimi niko sawa, Mama Ireri. Soma." Sikuthubutu kuuliza. Katika riwaya hiyo kuna mama mkwe, na mwanamke huyo ana ulimi. Nikajiambia umejiona mle ndani, umeumia, na chakula changu hakishuki tena kooni mwako. Ukaondoka kabla sijafika sura ya mwisho, na swali nikabaki nalo mimi.

Hilo ndilo lililonikalia kifuani, Mama. Tangu tukuzike sijajua kama nimalize hiki kitabu au nikitie jikoni kiwashe moto.

Nyumbani wako sawa. Ireri amenipita urefu na sasa ananiita "mama mfupi". Mbuzi wako wamebaki kwa shemeji, na yule wa pembe moja amezaa mapacha, wote wakorofi kama yeye. Mvua ilikuja ikachelewa kuondoka, kwa hivyo ndengu zilioza kidogo. Njeru hakutaji sana. Lakini akienda Kiritiri haingii kwako kabla ya kuzunguka nyumba nzima kwanza, sijui anatafuta nini.

Mimi nilitafuta msomaji. Wewe ulinizoesha vibaya. Ulikuwa unasikiliza umefumba macho mpaka nadhani umelala, kisha unasema, "Hapo umedanganya." Basi, huelezi. Narudi nyuma, nasoma tena, na kweli nakuta mahali nimedanganya. Sasa nani mwingine angenifanyia hivyo? Nilimpa rafiki yangu wa kwaya, akakaa na karatasi mwezi mzima, akazirudisha akiwa amefuta kila mahali penye pombe. Eti kitabu ni kizuri, Mungu akibariki. Nikampa mwalimu mstaafu wa hapa mtaani. Huyo alisahihisha kwa kalamu nyekundu, akanipa sitini na nane kwa mia, akaandika chini, "Umejaribu. Ongeza bidii." Nilicheka hadi nikakaa chini, halafu nikaona huruma, maana alikuwa ameisoma yote.

Karimi, mwanamke mwenzangu anayeandika pia, nilimpata kwa tabia yangu ile mbaya unayoijua, ya kusoma vitu vya wateja vikitoka kwa mashine. Alikuja Embu kuuguza dada yake, akapitia saiba kuchapisha kurasa kadhaa. Ni karani wa shule huko Laare. Mimi nikavutwa na mstari wa kwanza, nikasoma wa pili, nikajisahau. Kushtuka, amesimama hapo ananitazama. Akaniuliza kama ninalipwa kusoma au kuchapisha. Nikamwambia sura yake ya pili ndiyo ingekuwa ya kwanza. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi. Akazipanga kurasa upya pale pale kwenye kaunta, akasema, "Na wewe yako iko wapi?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Yeye ananitumia sura kwa simu, mimi namtumia yangu. Na ana mdomo, Mama, ungempenda. Kuhusu mama mkwe wa kwenye kitabu aliniandikia, "Huyu mwanzoni alikuwa mtu. Sasa ni malaika. Nani amekufa?"

Niliweka simu chini nikaenda nyuma ya duka. Kwa sababu ni kweli. Tangu uende nilikuwa nikipita sura moja baada ya nyingine nikimfuta ulimi yule mwanamke. Nilimfanya mpole, nikampa Biblia mkononi, nikaondoa hata ile siku anapomwambia bibi arusi kwamba ugali wake unafaa kuziba ukuta. Nilikuwa nakuomba msamaha kwa namna hiyo, nadhani.

Basi tukakubaliana tukutane ana kwa ana, tukae siku nzima, tumalize mambo yote. Nikaenda kwao Laare. Sasa sikia nilichokipata. Mama yake alikuwa ameshachinja jogoo kabla sijafika. Nikaletewa chai na mandazi. Kisha chapati. Kisha kuku, na ndizi za kupondwa, na mboga nisizozijua jina, na kila nikisema nimeshiba mama yake ananiangalia kama nimemwambia habari ya msiba. Karimi mwenyewe sikumwona, alikuwa jikoni na moshi. Tulipokaa hatimaye na karatasi zetu, nilikuwa nimepanga kumwambia sura yake ya nne imelala, haiamki, aikate nusu. Mama, sikuweza. Jogoo wa watu yuko tumboni. Nikasema, "Ya nne ni nzuri." Na yeye, yule wa mdomo wote kwenye simu, akanitazama, mgeni aliyetoka mbali, akasema yangu pia ni nzuri sana. Tukasifiana hivyo mpaka jua likageuka. Nilirudi na mkungu wa ndizi na bila neno moja la maana.

Nilipomsimulia Njeru alicheka sana. Alikuwa anavua viatu. Akasema, bila hata kuinua kichwa, "Ndiyo maana Mama akiitwa kesi hakuwa anakula kwa mtu."

Nikamuuliza kesi gani. Akashangaa sijui. Akanieleza kwamba watu wakigombania mpaka wa shamba huko kwenu, au ndugu wakikosana, wewe ulikuwa mmoja wa wanaoitwa kusikiliza. Na ukienda ulibeba uji wako. Hugusi chai ya huyu wala ya yule. Ukishasema la kusema, na watu wameshikana mikono, ndipo unakaa na kula na wote. Njeru alidhani najua. Miaka yote hiyo katika ukoo wenu, hakuna aliyeniambia, kwa sababu kila mtu alidhani najua.

Nilikaa kwenye kiti chako. Nikaifikiria ile sahani ikisukumwa pole pole. Nikalia, si uongo, lakini pia nilikuwa na furaha, na nilitamani kukupigia simu, na nikakumbuka.

Je, ndivyo ilivyokuwa? Ulikuwa unabeba uji ili uweze kuniambia nimedanganya? Ulikichukulia kitabu changu kama kesi ya watu wazima, kitu cha kusikilizwa mpaka mwisho bila kuhongwa kwa kunde? Au nawaza mengi, na ni tumbo tu lilikuwa linakusumbua, au kweli ni chumvi? Sina wa kunithibitishia. Nimewauliza wifi zangu, mmoja akasema ndivyo, mwingine akasema daktari alikukataza mafuta. Nawaza pia labda ni yote mawili. Ungenicheka ukijua nimelichunguza hili kiasi gani.

Lakini nilijaribu. Jumamosi iliyopita nilirudi Laare na themosi yako, uji ndani, kifuniko nimekifunga kwa kamba. Mama yake Karimi alipoiona alisimama mlangoni mikono kiunoni. Nikamweleza habari zako, yote, hata ya mpaka wa shamba. Akafikiri. Akasema, "Basi huyo mama yako alikuwa na adabu ngumu." Na akarudisha kuku bandani.

Tukakaa chini ya mabati nje, mimi na Karimi, kila mmoja na kikombe cha uji. Nikamwambia sura ya nne imelala. Akakaza uso, nikaogopa nimempoteza. Kisha akatoa kalamu akaniuliza, "Imelala kuanzia wapi?" Tulifanya kazi mpaka uji ukaisha, wake na wangu. Kwangu alirudia lile lile, nimtoe malaika.

Nimemtoa, Mama. Nimemrudishia yule mwanamke ulimi wake, na ugali wa kuziba ukuta, na kiburi chake chote. Nimempa na themosi. Ukijiona mle ndani safari hii, ni wewe.

Nimebakisha sura mbili. Nakuahidi sitazipamba, na kila ukurasa nitajisomea kwa sauti, kisha nitafumba macho kama wewe, nisikie kama nimedanganya. Siku nitakapoandika neno la mwisho nitakuja Kiritiri na mpishi ni mimi. Kunde, zenye chumvi. Nitawaita wifi zangu na Karimi na mama yake, nipakue yako kwanza, niiweke mahali pako, na hakuna mtu atakayeisukuma upande wa Njeru.

Pumzika, Mama. Kesi inakaribia kuisha. Kaa na njaa yako kidogo tu.

Mkaza mwanao,
Mama Ireri